Mficha Maradhi Kilio Humfichua

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii niliijua tangu nikiwa darasa la tano. Nimeitumia katika insha zangu mara nyingi, na walimu wamenitilia alama ya vyema bila kuuliza kama naielewa. Ukweli, wasomaji wapenzi, ni kwamba sikuielewa hata chembe hadi usiku mmoja wa mwezi wa Machi, mwaka 2025, ambapo nusura tumzike ndugu yangu kwa sababu ya siri niliyokuwa nimeiweka mimi mwenyewe.

Ndugu yangu huyo ni kitinda mimba wetu. Ana umri wa miaka 9 na yuko gredi ya nne. Alirithi jina la babu yetu mzaa baba, kwa hiyo nyumbani kila mtu humwita Babu, hata Mama. Tunaishi kijijini katika Kaunti ya Bungoma. Baba hufanya kazi ya mjengo mbali na huja mwisho wa mwezi, akipata nauli. Mama huuza nyanya na sukuma wiki sokoni. Mimi na Babu hulala katika simba, yaani kile kibanda cha wavulana kilicho upande wa pili wa boma, juu ya godoro moja. Tafadhali lishikeni hilo la godoro, kwa maana ndilo kiini cha kisa hiki.

Mambo yalianza mwezi wa Februari. Babu alianza kunywa maji kama ngamia. Angekunywa kikombe, akaongeza kingine, na usiku akaamka kutafuta mtungi gizani. Mwanzoni tulidhani ni jua la kiangazi. Kisha akaanza kutoka nje usiku, mara tatu, mara nne. Mwishowe ikawa hawahi mlango. Siku moja nikaamka alfajiri nijitayarishe kuja shuleni, nikahisi baridi mgongoni. Godoro lote lilikuwa chepechepe.

Mimi nilipandwa na mori. Nyinyi wanafunzi wenzangu wa shule za kutwa mnajua shida zetu. Ukiamka saa kumi na moja, unatembea kilomita nne, na sare ni moja. Sasa uongezewe harufu ya mkojo! Nilimtukana Babu nikambandika jina la Nzoia, kama ule mto wetu ambao haukauki. Yeye alilia kwi kwi kwi, akanishika mkono, akasema, "Kaka, tafadhali usimwambie Mama. Usimwambie mtu."

Nikakubali, lakini kwa bei. Nilimwambia kwamba nitanyamaza ikiwa atanifulia soksi kila siku na kuniteka maji ya kuoga. Basi Babu akawa mtumwa wangu. Kila asubuhi tulianika godoro nyuma ya simba, mahali Mama haoni, na kila jioni soksi zangu zilikuwa safi. Mimi nikajiona mjanja sana.

Kuna jambo jingine nililoliona. Pale nyuma ya simba alipokuwa akikojoa usiku, sisimizi walikuwa wakijaa. Nilimwaga jivu, wakarudi. Na Babu alikuwa akikonda. Kaptura yake ya shule ilikuwa inamwanguka hadi akaifunga kwa kamba, ilhali chakula alikuwa akila kama kawaida, tena kuliko mimi. Haya yote niliyaona kwa macho yangu mawili, nikanyamaza kama maji mtungini.

Ikafika Alhamisi moja mwezi wa Machi. Niliporudi kutoka shuleni jioni nilimkuta Babu amejikunja sakafuni, mikono tumboni, akigugumia. "Tumbo," akasema. "Tumbo lote." Alikuwa ametapika mara mbili. Mama alinusa pumzi yake akasema, "Huyu amekula mapera mabovu." Kweli, kinywa chake kilinuka kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Mama akampa dawa ya minyoo, na mimi nikaona hayo yamekwisha. Nani asiyejua kuumwa na tumbo? Mtoto huumwa leo, kesho anacheza.

Lakini kulipopambazuka, Babu hakucheza. Mama alimpeleka zahanati moja ya karibu. Walimpima malaria, hawakuiona. Wakampiga sindano ya kutuliza maumivu, wakampa tembe za tumbo, wakamruhusu arudi. Niliporudi jioni hali ilikuwa imezidi unga. Alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu aliyekimbia mbio za nyika, ilhali amelala tu. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka kama udongo wa kiangazi. Mama aliweka kiganja kwenye paji la uso wa Babu, akanitazama, akasema neno moja tu: "Twende."

Tulipata boda boda ya jirani. Mama alikaa nyuma, Babu katikati, mimi nikaning'inia mwisho. Njiani moyo ulinidunda kama ngoma ya isukuti. Tulifika hospitali kubwa ya mjini yapata saa tatu usiku.

Daktari wa kwanza kumwona alikuwa kijana. Alibonyeza tumbo, Babu akapiga ukemi. Akabonyeza tena, likawa gumu kama ubao. Akamwambia Mama kwamba huenda ni kidole tumbo, na kwamba kikipasuka usaha utamwagika ndani, kwa hiyo pengine mtoto atapasuliwa usiku ule ule. Mama akaletewa karatasi atie sahihi. Mkono wake ulitetemeka hata kalamu ikaanguka.

Hapo ndipo akaja mama mmoja wa makamo, afisa wa kliniki. Sisi tulimwita daktari tu. Huyu hakuanza na tumbo. Alisimama kando ya kitanda kwa muda, akimtazama Babu anavyopumua. Akasikiliza kifua, akasema mapafu ni safi. Akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikakawia kurudi. Akainama akanusa pumzi yake. Kisha akauliza, "Maumivu yalianzia wapi? Kwenye kitovu yakashuka kulia?"

"Hapana, daktari," Mama akajibu. "Anasema ni tumbo lote tangu mwanzo."

"Na mkojo je? Anakojoa mara ngapi?"

"Kawaida tu, daktari."

Mama hakudanganya. Hivyo ndivyo alivyojua. Lakini Babu aligeuza kichwa akanitazama mimi. Wasomaji wapenzi, sitayasahau macho yale hadi nife. Alikuwa mgonjwa hoi bin taaban, hawezi hata kuongea, na bado alikuwa ananiomba nisimwaibishe. Soksi zangu alikuwa amezifua hata asubuhi ile ya Alhamisi.

Nilimeza mate. Nikasema, "Anakojoa kitandani, daktari. Kila usiku. Tangu Februari. Na anakunywa maji sana. Na pale anapokojoa sisimizi wanajaa."

Mama alinigeukia kinywa wazi. Yule daktari hakusema neno. Alichukua kifaa kidogo kama simu ya mulika mwizi, akamdunga Babu kidoleni, akagusisha tone la damu kwenye kijiti. Baada ya sekunde chache kioo kikaandika herufi mbili tu: H na I. Nami kwa ujinga wangu nikadhani mashine inatusalimia. Kumbe maana yake ni kwamba sukari iko juu sana hata mashine haiwezi kuihesabu.

"Weka hiyo karatasi kando," daktari alimwambia Mama. "Hatupasui mtu hapa. Tumbo la mtoto huyu halina kosa. Ni kisukari."

Mama alishangaa. "Kisukari? Mtoto wa miaka 9? Hicho si cha wazee wanene?"

Usiku ule Babu aliwekewa maji kwenye mshipa, na insulini ikaingizwa mwilini kidogo kidogo. Kila saa walimdunga kidole. Maji yenyewe hayakumwagwa kwa pupa, kwa maana daktari alisema mtoto akirudishiwa maji haraka mno ubongo unaweza kuvimba. Mimi nilikaa chini ya kitanda nikisali. Kabla ya mapambazuko pumzi zake zilianza kutulia. Ilipofika saa nne asubuhi Babu alisema, "Kaka, tumbo haliumi tena." Lilipona bila dawa ya tumbo, bila kisu, bila lolote. Hapo ndipo nilipolia.

Daktari alikuja akakaa nasi akatueleza kwa Kiswahili ambacho hata Mama alikielewa. Mwilini, alisema, sukari ya chakula ni kama abiria walio stejini, na seli ni kama matatu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ni kondakta anayefungua mlango. Katika kisukari cha aina hii ya watoto, kinga ya mwili yenyewe hugeuka ikaziua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kondakta hayupo tena. Abiria wanajaa stejini, matatu zinaenda tupu. Ndiyo maana mtoto anakula na bado anakonda. Figo hujaribu kuitoa ile sukari kwa mkojo, na sukari haitoki peke yake, bali huvuta maji. Ndiyo maana ya kiu, na ndiyo maana ya godoro.

Mwili ukikosa sukari ndani ya seli huanza kuchoma mafuta yake. Moto huo una moshi wake, nao ni asidi ziitwazo ketoni. Ketoni ndizo zilizonuka kama mapera. Damu ikijaa asidi, mtu hupumua kwa kina na kwa haraka ili mapafu yaipunguze. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza upumuaji huo tangu mwaka 1874, na hadi leo madaktari huuita kwa jina lake. Asidi hiyo hiyo humletea mtoto kutapika na maumivu makali ya tumbo, hata tumbo likawa gumu kana kwamba kuna kidole tumbo kilichovimba. Na mtoto aliye katika hali ile akilazwa usingizi wa upasuaji kabla ya damu kutengenezwa, anaweza asiamke.

Sasa nawauliza, wenzangu, mambo haya ni mageni? Mada ya homeostasisi tuliisoma kidato cha pili. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka 2024 nilieleza kazi ya insulini nikapata alama zote. Nilijua kisukari huleta kiu na mkojo mwingi. Niliyajua yote kwenye karatasi, kisha nikarudi nyumbani nikamlaza nayo ndugu yangu, nikamwita Nzoia. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tulikaa hospitalini siku sita. Nilikuwa napitia huko kila jioni baada ya masomo, na nilijifunza kwamba tumbo la mtoto ni msemaji wa wengi. Daktari alisema watoto wengi waumwao tumbo huwa na mambo ya kawaida, kama vile choo kigumu, kuhara au minyoo. Ndiyo sababu yale ya nadra hupita bila kushukiwa. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi minane. Alikuwa akilia na kuvuta magoti tumboni, kisha ananyamaza, kisha analia tena, na choo chake kilikuwa chekundu kama jamu. Utumbo wake ulikuwa umejimeza wenyewe, kama mkono wa sweta unapougeuza ukiivua. Yeye kweli alihitaji kisu, na mama yake alimleta mapema, akapona.

Dirishani kulikuwa na msichana aliyelalamika tumbo siku tatu, kumbe ana nimonia. Sehemu ya chini ya pafu hukaa juu ya kiwambo, karibu na tumbo, na neva huuchanganya ubongo usijue maumivu yanatoka wapi. Kulikuwa pia na kijana mwenye selimundu, ambaye chembe zake za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Siku nyingine humuuma miguu, siku nyingine tumbo. Ugonjwa huo katika maeneo yetu ya Magharibi si wa nadra hata kidogo, na kila daktari wa huku huukumbuka.

Daktari alinisimulia pia, bila kutaja jina wala mahali, juu ya mvulana aliyesema "tumbo" siku nzima, kumbe iliyokuwa ikimuuma ni korodani. Ilikuwa imejizungusha na kunyonga mshipa wake wa damu. Jambo hilo linataka kutengenezwa upesi, katika saa 6 hivi za kwanza. Huyu aliona haya mbele ya mama yake. Alipofika hospitalini ilibidi ile korodani iondolewe. Wavulana, nawaambia bila kupaka mafuta: ikikuuma huko, sema ni huko. Aibu ya dakika moja ni afadhali kuliko majuto ya maisha.

Niliporudi shuleni nilisoma zaidi katika maktaba yetu. Zamani mtoto kama Babu hakuwa na tumaini. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kupata insulini kutoka kwenye kongosho la mbwa. Mnamo tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza. Dawa haikuwa safi, haikumfaa sana. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari akadungwa tena. Sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Nilihesabu nikaona kwamba kama Babu angezaliwa kabla ya hapo, hata kama ningesema ukweli siku ya kwanza, asingepona. Lakini amezaliwa wakati ambapo dawa ipo, naye alikaribia kufa kwa kukosa neno langu tu. Hilo lilinichoma zaidi.

Nilimwuliza yule daktari waziwazi kama ni mimi niliyekaribia kumuua ndugu yangu. Hakunidanganya. Alisema pengine wangeipima sukari baadaye kidogo, kwa kuwa pumzi zile zilikuwa zimeshamtia shaka. "Lakini mtoto hana baadaye nyingi," akasema. "Wewe ulitupa saa ambazo tungezipoteza. Na ungesema Februari, angekuja hapa akitembea."

Siku hizi Babu anadungwa sindano asubuhi na jioni, na itakuwa hivyo maisha yake yote. Hatuna jokofu. Mama huweka chupa za insulini ndani ya chungu kidogo, chungu hicho kimewekwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati kuna mchanga ambao mimi huumwagilia maji kila siku. Maji yakikauka hewani, ndani hubaki baridi. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema Mama alimlisha sukari nyingi. Kisukari hiki hakiletwi na peremende. Tena Babu hubeba glukosi mfukoni, kwa maana sukari ikishuka sana hutetemeka na kutoa jasho, na lazima apewe kitu kitamu hima. Mkiwa na mwenzenu wa namna hiyo darasani, msimcheke akila peremende. Huenda anaokoa maisha yake.

Ushauri wangu ni mfupi. Mtoto akiumwa tumbo, usiliangalie tumbo peke yake. Angalia anavyopumua, uliza kuhusu mkojo na kiu, tazama kama amekonda, sikiliza kikohozi. Mweleze daktari hata lile unaloliona dogo au la aibu. Yeye hana macho ya kuona godoro lenu.

Na walio wakubwa nyumbani, tusifanye biashara na siri za wadogo zetu. Jioni ile tuliyorudi kutoka hospitalini nilimwomba Babu msamaha. Alifikiri kidogo, akacheka, akauliza, "Sasa soksi atafua nani?"

Nafua mimi. Zangu na zake.